Mawe ya Calanais na swali la mama

Mama alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya feri pale Ullapool, kaskazini-magharibi ya Uskoti, upepo ukinichapa masikio hata sisikii vizuri. Akauliza niko wapi mbona kelele hivyo. Nikamwambia navuka kwenda kisiwani kutazama mawe.

"Mawe gani?"

"Mawe tu, Mama. Ya zamani. Watu wa kale waliyasimamisha."

Akanyamaza kidogo. "Gede ipo hapa, nusu saa kwa matatu. Tangu uende na shule hujatia mguu tena. Leo unavuka bahari kufuata mawe ya Wazungu?"

Sikuwa na la kumjibu, maana alisema kweli. Mimi ni mtoto wa Malindi, nimekulia karibu na magofu ya Gede, ambayo watu hutoka Ulaya kuja kuyapiga picha, na niliyaona mara moja, darasa la sita, nikiwa na njaa.

Lakini safari hii haikuanzia Malindi, ilianzia Turkana, kaskazini mwa Kenya. Kabla sijaja huku nilifanya kazi ya uuguzi Lodwar kwa miaka mitatu. Tulikuwa tukipeleka chanjo Kalokol, karibu na ziwa, na njiani, kando kabisa ya barabara, kuna kikundi cha nguzo za mawe meusi. Ni 19. Zimeinama huku na huku kama watu waliochoka kusubiri gari. Juu ya nyingi pamerundikwa vijiwe vidogo. Dereva wetu alikuwa akifika pale anasimamisha gari, anashuka, anaokota kijiwe, anakiweka juu ya nguzo, anarudi, anaondoa gari bila neno. Siku moja nilimuuliza.

"Hao ni watu, daktari," akasema. Kule ukivaa koti jeupe wewe ni daktari, hata ukikana.

Pale panaitwa Namoratunga, yaani watu wa mawe. Hadithi yenyewe ni fupi: walikuwa wakicheza ngoma, akatokea mgeni, kumbe si binadamu wa kawaida, wakamcheka. Akawageuza mawe palepale walipokuwa. Nilicheka mimi pia, kisha nikanyamaza, maana dereva hakucheka.

Miaka ikapita. Nikahamia Glasgow, na katika chumba cha kupumzikia cha wadi ninayofanya kazi mtu alitundika kalenda. Picha ya mwezi wa Mei ilikuwa mawe marefu yamesimama kwenye nyasi, anga jeusi nyuma yake. Kwa nukta moja, kikombe cha chai mkononi, nilidhani ni Kalokol. Nikasogea nisome maandishi: Calanais, kisiwa cha Lewis. Mwenzangu mmoja wa zamu, Mskoti, akaniambia bila kuinua macho kwenye simu yake kwamba hadithi ya mawe yale ni kwamba zamani yalikuwa watu.

Basi ndiyo sababu. Lakini huwezi kumweleza mama hayo yote kwenye foleni ya feri.

Lewis ni kisiwa cha Hebrides ya Nje, upande wa magharibi ya Uskoti, ambako watu wengi bado wanazungumza Kigaeli na wao wanakiita Leòdhas. Kutoka Ullapool hadi mji wa Stornoway feri huchukua zaidi ya saa mbili na nusu kuvuka bahari iitwayo Minch. Mimi mtoto wa pwani nilitapika. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa supu kando yangu aliniuliza kwa upole kama ndiyo mara yangu ya kwanza kuona bahari.

Kosa langu lilikuwa la ratiba. Nilifika Jumamosi jioni, nikapanga Jumapili asubuhi nipande basi kwenda Calanais, kilomita ishirini na kitu magharibi ya mji. Nilipomwambia bibi mwenye nyumba ya wageni, alinitazama kama mtu aliyeomba bia msikitini.

"Basi? Sabato?"

Lewis ni mahali pa Waprotestanti wa siku nyingi, na Jumapili yao si ya mchezo. Hata feri ya Jumapili ilianza 2009 tu, na kulikuwa na watu waliosimama bandarini siku ile wakisali na kupinga. Maduka mengi yamefungwa, bustani ya watoto kimya, na sikuona hata nguo moja iliyoanikwa. Nilikuwa nimesoma kwamba Stornoway kuna msikiti, uliofunguliwa 2018, kwa ajili ya familia chache za Waislamu, nyingine zina mizizi ya Pakistani na zimeishi hapo vizazi kadhaa. Nilikwenda kuutafuta, nikauona, mdogo, nadhifu, nikafurahi kama niliyekutana na jirani ugenini.

Wakati wa kurudi nilipita karibu na kanisa nikasikia sauti zilizonisimamisha. Hakuna kinanda wala gitaa. Mwanamume mmoja anatanguliza mstari wa zaburi kwa Kigaeli, peke yake, kisha kanisa zima linaupokea, lakini si kwa pamoja kama kwaya; kila mtu anauvuta kwa mapambo yake, mmoja mbele, mmoja nyuma, hadi sauti inakuwa kama maji yanayorudi ufukweni kupitia kwenye mawe. Mtu aliyelelewa na kasida na maulidi anajua mara moja kinachofanyika pale, hata kama neno moja halielewi. Nilisimama nje kwenye baridi mpaka wakamaliza.

Jioni ile bibi mwenye nyumba alinionea huruma, akaniwekea chai mezani, akaanza kunisimulia mwenyewe. Namwita bibi kwa sababu nilishindwa kumwita kwa jina lake la kwanza kama alivyotaka. Mtu aliyepita miaka sabini unamwitaje hivyohivyo?

Zamani, akasema, kulikuwa na njaa kisiwani. Mwanamke mmoja alishuka ufukweni kwa kukata tamaa, ajitupe baharini afe. Akatokea ng'ombe mweupe kutoka majini, akamwambia aende akawaite majirani, kila mtu aje na ndoo yake pale penye mawe. Kila usiku ng'ombe yule alimjazia kila mtu ndoo moja, si zaidi, na kisiwa kikapona. Kisha akaja mchawi. Akaomba ndoo mbili, akakataliwa. Kesho yake akarudi, badala ya ndoo akaleta chekeche. Akakamua. Maziwa yakapita kwenye matundu, yakamwagika ardhini, chekeche halijai, ng'ombe anaendelea kutoa, chekeche halijai, mpaka ng'ombe akakauka. Akaondoka, na hakuonekana tena.

"Kwa chekeche," bibi alirudia, akitikisa kichwa kama aliyeibiwa yeye mwenyewe wiki iliyopita.

Jumatatu basi lilikuwapo. Njia inapita kwenye nyika isiyo na mti, kahawia na nyeusi, yenye vidimbwi kila upande. Ardhi yote ile ni mboji, nyasi na majani yaliyooza kwenye maji kwa maelfu ya miaka bila kuisha kuoza. Watu huikata kwa sepetu vipande kama matofali, huianika, huichoma jikoni wakati wa baridi. Unaona makato yenyewe kando ya barabara, marefu na manyoofu kama msingi wa nyumba uliochimbwa ukaachwa.

Halafu, juu ya kilima kidogo kinachotazama ghuba ya Loch Roag, wakatokea. Natumia "wakatokea" kwa makusudi. Kwa mbali hayakuwa mawe. Yalikuwa kikundi cha watu wamesimama kilimani wanangoja jambo, na mwili wangu uliamini hivyo kabla akili haijaingilia kati.

Katikati pana jiwe moja la mita 4.8, jembamba na pana kama ubao wa mlango. Linazungukwa na mawe 13. Kutoka kwenye duara hilo inaelekea kaskazini njia yenye mawe pande zote mbili, urefu wake kama mita 83, na upande wa mashariki, magharibi na kusini imetoka mistari mifupi. Ukiwa ndege ungeona kitu kama msalaba, ingawa ulipangwa karibu miaka 3,000 kabla ya Kristo. Ndiyo kusema mawe haya yalikuwa yameshasimama kabla mapiramidi ya Giza hayajaanza, na kabla mawe makubwa ya Stonehenge kule Uingereza, ambayo kila mtu anayajua, hayajainuliwa.

Nililisogelea jiwe moja la duara, nikatoa glavu. Ni naisi, mwamba ambao umri wake unafika kama miaka bilioni 3, katika miamba mikongwe zaidi ya Ulaya. Una mistari myeupe na ya kijivu inayopinda na kurudi, kama mbao ya mninga iliyorandwa, na hapa na pale madonge meusi yanayong'aa, makubwa kama ngumi. Upande unaopigwa na mvua umeota ndevu za kijivu-kijani, kavu, zenye kukwaruza. Nilipitisha kidole kwenye mstari mmoja mweupe kutoka kifuani mwangu hadi mkono ulipofika, nao ukaendelea juu bila mimi. Kwenye kona ya chini palikuwa na uzi wa sufu. Kondoo alikuwa amejikuna hapo asubuhi. Jiwe lilikuwa baridi, lakini si baridi ya chuma. Ni baridi ya ukuta wa nyumba ambayo watu wamehama.

Yapata miaka 3,000 iliyopita mboji ilianza kupanda. Hali ya hewa ilikuwa imepoa, mvua zimeongezeka, na ardhi nyeusi ikajijenga polepole kuzunguka mawe mpaka ikafika kimo cha mita moja na nusu. Kwa hiyo watu wa Lewis kwa vizazi vingi waliyajua mawe haya kuanzia kiunoni tu. Mwaka 1844 kisiwa kizima kilinunuliwa na mtu mmoja, James Matheson, aliyekuwa ametajirikia kwenye biashara ya kasumba ya China. Mwaka 1857 akaamuru mboji ile iondolewe. Vibarua wakachimba, na mawe yakaonekana mazima, na kaburi dogo la chumba likajitokeza ndani ya duara ambalo hakuna aliyejua kwamba lipo.

Katika miaka hiyohiyo familia nyingi za wakulima wadogo wa kisiwani ziliondolewa kwenye ardhi ya Matheson na kupakiwa melini kwenda Kanada. Nililisoma hilo baadaye na sikuweza kulitenga na lile la kwanza. Mtu mmoja anafukua mawe na kuyafunua mpaka miguuni, na huku anawafungasha watu.

Sasa hadithi. Kwa Kigaeli mawe haya yamewahi kuitwa Fir Bhrèige, watu wa uongo, yaani vitu vinavyofanana na watu. Tayari katika karne ya 17 mwandishi mmoja wa kisiwani alirekodi kwamba wenyeji wanasema ni watu waliogeuzwa mawe na mganga. Toleo linalosimuliwa zaidi siku hizi linasema walikuwa majitu, wenyeji wa kisiwa, na alipokuja mtakatifu Kieran kuwahubiria wakakataa kubatizwa na kukataa kujenga kanisa. Akawageuza mawe.

Nikiwa nimekaa kwenye mwamba ulio upande wa kusini, mkate wangu wa jibini ukinyeshewa, ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwa nimekifikiri Lodwar. Kalokol walicheka. Lewis walikataa. Kote kuwili mawe ni watu, na kote kuwili wana hatia. Na kote kuwili msimulizi ni mtu aliyefika baadaye. Waturkana waliingia lile bonde karne chache tu zilizopita, wakazikuta nguzo. Wagaeli walikuja Lewis maelfu ya miaka baada ya mawe kusimama, na mtakatifu wa Kikristo ndiyo kabisa. Asiyekuwapo na lake halipo. Waliosimamisha mawe hawakuacha hata neno moja la kujitetea, na waliowafuata wakawafungulia kesi, wakawahukumu, wakaonyesha na adhabu: si hao hapo wamesimama?

Ukiuliza wanaakiolojia, hao washtakiwa wa Turkana wanatoka wakiwa watu wa heshima. Nguzo za namna hii zipo sehemu kadhaa kuzunguka ziwa. Iliyochimbwa vizuri zaidi ni Lothagam Kaskazini, na matokeo yalitangazwa 2018: ilijengwa kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, ikiwa ni jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30, na katikati yake shimo kubwa lililozikwa watu wasiopungua 580. Wanaume, wanawake, wazee, vichanga, wote na shanga zao, bila dalili ya kaburi la mkubwa na kaburi la mdogo. Walikuwa wafugaji wa kwanza wa eneo lile, na walijenga wakati mvua inapungua na ziwa linajivuta. Umri uleule wa Calanais. Sisemi walijuana. Nasema tu kwamba zama moja, watu huku na watu kule, waliona ni jambo la lazima kuacha kazi nyingine na kuburuta mawe.

Kwa nini Calanais? Jibu linalopendwa ni mwezi. Kila baada ya miaka 18.6 mwezi hufika mwisho wa safari yake ya kusini, na ukiutazama kutoka mwisho wa ile njia ya mawe unachomoza chini mno, unatambaa juu ya vilima ambavyo wenyeji wanaviita Cailleach na Mòintich, Bibi Kizee wa Nyika, kwa kuwa vina umbo la mwanamke aliyelala chali. Unazama, kisha unaonekana tena katikati ya mawe, kama mtu aliyeingia na taa. Mhandisi wa Kiskoti Alexander Thom ndiye aliyeipa nguvu hoja hiyo ya mwezi katika karne ya 20. Wengine wanaikubali, wengine wanasema ukiwa na mawe ya kutosha huwezi kukosa moja linaloelekea kitu fulani angani. Kalokol nayo imepitia hayohayo: 1978 watafiti wawili walisema nguzo zimepangwa kufuata nyota za kalenda ya Waborana, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, na 1982 mwingine akapima upya akakuta vipimo havilingani, maana mawe yenyewe yana usumaku na yanayumbisha dira.

Mimi naegemea upande wa mwezi, lakini kwa sababu isiyo ya kisayansi: vilima vile nimeviona. Bibi Kizee amelala pale waziwazi, magoti, kifua, kidevu. Mtu anayeishi hapo miaka yote hawezi kuuona mwezi ukimpanda mwilini asishangae. Mara ya mwisho ilikuwa 2024 na 2025, nimechelewa. Inayofuata ni karibu 2043. Nikijaaliwa nitakuwa nimekaribia sitini, na sijui kama magoti yangu yataikubali ile feri.

Sayansi iliyonigusa zaidi ni ndogo. Si mbali na duara kubwa kuna mahali paliposalia jiwe moja tu limesimama, na 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha St Andrews walieleza kwamba walipoipima ardhi iliyo chini ya mboji walikuta alama ya usumaku yenye umbo la nyota. Ni radi. Ilipiga hapo, pigo moja kubwa au mengi madogo, kabla mboji haijafunika, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na ardhi bado inakumbuka. Hawasemi kama radi ilikuja kwanza na jiwe likafuata, au jiwe ndilo lililoiita.

Kabla basi la kurudi halijafika niliokota kijiwe njiani, tabia ya dereva wa Lodwar imeniingia bila mimi kujua. Nikalitazama lile jiwe la katikati. Mita 4.8. Hata ningebebwa mabegani nisingefika juu. Nikageuka nikamkuta mama mmoja na mbwa wake wananitazama, mkono umeinuliwa na kijiwe kidoleni. Nikakiweka chini kwenye nyasi taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya watu, nikamsalimia mbwa.

Usiku nilimtumia mama picha zote kwa WhatsApp. Akapiga simu. Nilimweleza kila kitu, mwezi, kasumba, radi, nguzo za Kalokol. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia.

"Sasa hao watu," akauliza, "walikosa nini?"

"Huku wanasema walikataa dini. Kule wanasema walicheka mgeni."

"Kwa hilo tu?"

"Kwa hilo tu."

Akaguna. Kisha nikamsimulia ya ng'ombe mweupe, ndoo moja kwa kila mtu, na yule mchawi na chekeche lake. Hapo kimya kikawa kirefu hadi nikadhani mtandao umekatika.

"Alirudi?"

"Nani?"

"Huyo ng'ombe."

"Hakurudi, Mama."

"Basi huyo wa chekeche ndiye wangemgeuza jiwe," akasema, na akakata simu, maana chai yake ilikuwa inafurika jikoni.